Familia ya Tofauti

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mwalimu Kimeli,

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tukuzike. Nimechukua daftari moja jipya kati ya yale uliyokuwa ukiyaweka juu ya kabati, yale uliyonikataza kuandikia orodha ya sukari. Najua ungenisamehe. Sina mtu mwingine wa kumweleza.

Shule ilitaka rejista zake, kwa hiyo asubuhi nilipanga karatasi zako. Chini ya rejista nilikuta daftari lenye jalada la kijani. Juu yake umeandika kwa herufi kubwa FAMILIA YA TOFAUTI. Ndani, mstari wa kwanza: "Chepilat. Mama ni wawili." Chini yake: "Chelimo – 0. Yunia – 1."

Nikafunga. Nilikaa na rejista mapajani mpaka chai ya jikoni ikafurika na kuuzima moto.

Chepilat ulikwenda kila Jumamosi kwa miaka miwili. Ulisema unakwenda sokoni, na kweli ulirudi na ndizi mbivu zimefungwa kwa gazeti. Sikuuliza. Sasa naona umempa Yunia moja na mimi sifuri. Na hukuandika Mama Nyamwange, kama heshima inavyotaka. Uliandika Yunia, jina tupu, kama mtu unayemzoea.

Jumatano, 6 Machi

Mvua hakuna. Majani ya chai yamesinyaa. Nimechuma kidogo nikarudi.

Jumamosi, 9 Machi

Baiskeli yako imeegemea ukuta. Kuku ametaga chini yake. Nilizunguka nyumba bila kazi. Nikafagia uani mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa na kitu cha kufagia.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia Sellah tulipotoka kanisani. Ni jirani, shamba lake linapakana na letu, na uso wangu alikuwa ameshausoma wakati wa mahubiri. Nilimwomba asimwambie mtu.

"Labda ni jambo la shule," nikamwambia.

"Familia ya tofauti ni familia ya tofauti, Mama Cheptoo. Kwani ulitaka aandike nini? 'Mke wangu wa Chepilat. Tafadhali usisome'?"

"Sellah."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Mama wawili. Mmoja ni wewe. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

Akanishika mkono, akanisindikiza hadi langoni akizungumzia ndama wake.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeingia stoo kutafuta jembe nikakutana na kile kikapu. Bado kinaning'inia kwenye msumari, na herufi Y ya uzi mwekundu pembeni.

Wewe ulikijua kisa chake, lakini hatukukisema zaidi ya mara moja. Kabla ya vita vya mpaka kati ya watu wetu na Wakisii, mwaka wa tisini na mbili, mimi na Yunia tulichuma mstari mmoja. Tulikuwa wanawake kumi na watatu katika kikundi cha kuchumiana, saba wa upande wetu, sita wa upande wao wa Kisii. Leo tunachuma kwa huyu, kesho kwa yule. Wao walikiita egesangio. Siku ile walipokimbia, kikapu chake kilibaki kwangu. Wiki mbili baadaye alimtuma binti yake kukichukua. Majirani walikuwa wamesimama barabarani wanatazama. Nikasema kupitia lango: "Hapa hakuna kitu chenu."

Msichana alikuwa na miaka kumi hivi. Aliniambia asante, akaenda.

Ijumaa, 15 Machi

Sellah amesema. Shemeji Kiptum alikuja na kofia yako kichwani, ile ya sufu. Alikaa kwenye kiti chako pia, lakini kwa kiti nilikuwa nimemruhusu.

"Tarehe kumi na tano Juni tunafanya maombi na kuweka simiti kaburini," alisema. "Nimesikia kuna upande mwingine."

"Umesikia kwa nani?"

"Habari haina mwenyewe. Sikiza, mke wa kaka yangu. Kaburi la mtu haliwekwi simiti wakati familia yake nyingine haijui. Ni mkosi. Kama yuko, aitwe, asimame mbele ya watu. Kama hayuko, useme hayuko, tumalize. Nitakwenda Chepilat mimi mwenyewe."

"Hapana," nikasema. "Nitakwenda mimi."

"Lini?"

"Kabla ya hiyo siku."

Alikunywa maziwa, akaenda. Kofia alienda nayo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana.

Jumatano, 20 Machi

Mvua.

Jumamosi, 23 Machi

Nilivaa nguo ya kwenda Chepilat. Nilifika kwenye daraja la miti nikaona mto umejaa, nikarudi. Ukweli ni kwamba maji yalikuwa chini ya magoti.

Jumamosi, 30 Machi

Nilivaa tena. Safari hii sikufika hata darajani.

Jumanne, 9 Aprili

Cheptoo yuko likizo. Pasaka imepita bila wewe kuimba sauti ya nne kwa nguvu kupita kiasi. Mtoto amekuwa mrefu, na anatembea ndani ya nyumba kwa vidole, kama vile umelala chumbani.

Leo alikuta daftari la kijani chini ya godoro langu alipokuwa akitandika. Nilimkuta amelifungua.

"Mama, hii ni hesabu."

"Najua ni hesabu. Hesabu ya nini?"

"Hatujafika huku." Akageuza kurasa. Mimi sikuwa nimewahi kupita ile mistari ya kwanza. "Angalia hapa. 'Kila mama anazaa watoto kumi na watatu. Jumla ishirini na sita.'"

Tulitazamana. Kisha mwanao akaanza kucheka, akaziba mdomo, nami nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuacha kutoka. Alinishika kichwa kama vile mimi ndiye mtoto.

Jioni Sellah alipoambiwa alipiga makofi. "Ishirini na sita! Hata fahali wa shule ya wakulima Kabianga hajafikisha! Na mshahara wa mwalimu?"

Basi watoto si watoto. Lakini Yunia ni Yunia, na Jumamosi ni Jumamosi. Na sifuri yangu bado ni sifuri. Kama unaweza kusikia, niambie ulikuwa ukimfuata nini.

Jumatatu, 22 Aprili

Chai imechipua. Majani mawili na chipukizi kila mahali, na mikono ni miwili tu. Mengine yanakomaa mitini, nayapita nikiyaomba radhi.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua ya mawe. Dakika kumi hazikufika. Shamba limetobolewa kama kichujio, na ardhi kati ya mistari ilikuwa nyeupe. Nilisimama mlangoni na gambuti mguu mmoja. Ng'ombe alilia. Nilijikuta nimekuita.

Ijumaa, 3 Mei

Nilitupa daftari la kijani nje, kwenye shimo la majivu. Baada ya saa moja nikalitoa, nikalifuta kwa kanga, nikalianika juu ya jiko.

Jumamosi, 11 Mei

Nitaandika mengi leo, unistahimili.

Mwalimu Nelvine amekuja. Ni yule msichana aliyeajiriwa Januari, ambaye ulisema anajua hesabu kukuzidi, lakini haandiki vizuri ubaoni. Alileta kitabu alichoazima kwako. Aliona daftari likikauka juu ya jiko, limejikunja pembe, akasoma jalada na uso wake ukabadilika.

"Kumbe aliiandika!" alisema. "Familia ya tofauti! Aliniambia ataiweka kwa Kiswahili, nikadhani ni mzaha."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo: "Unamjua huyo mama wa Chepilat?"

Hakuelewa. Nilimweleza yote: Sellah, Shemeji, maombi ya Juni. Alijaribu kutocheka. Aliuma mdomo, akatazama dari, kisha akaomba sinia na punje za mahindi.

Akapanga punje kumi na tatu kwa duara, pembezoni mwa sinia. "Hii ni saa," akasema, "ila ina namba kumi na tatu. Inaanza sifuri inaishia kumi na mbili. Ukipita kumi na mbili unarudi sifuri. Sawa?"

"Sawa."

"Tofauti siyo ugomvi, Mama. Ni kutoa. Tofauti ya nne na moja ni tatu. Sasa Mwalimu anachagua watu watatu: sifuri, moja na nne." Akazisogeza punje hizo ndani. "Kutoka sifuri kwenda moja ni hatua moja. Moja kwenda nne ni tatu. Sifuri kwenda nne ni nne. Ukizunguka kwa nyuma, unapata kumi na mbili, kumi, kisha tisa."

"Haya."

"Halafu watatu wengine: sifuri, mbili, saba. Hawa wanatoa mbili, tano, saba, na kwa nyuma kumi na moja, nane, sita. Sasa ziweke pamoja. Moja hadi kumi na mbili. Kuna iliyokosekana?"

Nilihesabu kwa vidole. Haikukosekana hata moja.

"Kuna iliyorudiwa?"

Hakuna.

"Hiyo ndiyo familia ya tofauti. Vikundi vichache, lakini tofauti zote zimo, kila moja mara moja. Hivyo vikundi viwili vya kwanza ndivyo alivyoviita mama. Ukimsogeza mama hatua moja, anazaa kikundi kipya: moja, mbili na tano. Tena hatua moja: mbili, tatu na sita. Ukizunguka sinia nzima, kila watu wawili watakuwa wamekaa pamoja mara moja. Si mara mbili. Wala hakuna wasiokutana."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma chini ya pale nilipoachia. Kulikuwa na majina kumi na matatu, Mwalimu. Chelimo sifuri, Yunia moja, Sellah nne, mpaka kumi na mbili. Wote kwa majina yao matupu. Hukuandika mama wa nani hata mmoja. Kilikuwa kikundi chetu cha kuchumiana, kama kilivyokuwa kabla ya tisini na mbili.

Chini ulieleza kwa Kiswahili cha kutuelewesha sisi. Siku ya kwanza ni kwa sifuri: asubuhi anachuma na moja na nne, mchana na mbili na saba. Siku ya pili ni kwa moja. Baada ya siku kumi na tatu za kazi, chai ya sifuri imechipua tena, na kila mwanamke amechuma na kila mwenzake. "Asiulizwe mtu kwa nini amepangwa na fulani," uliandika. "Hesabu ndiyo imepanga."

"Na sifuri?" nikamuuliza Nelvine. "Mbona mimi ni sifuri?"

Alishangaa. "Sifuri ndiye mwenye shamba la kwanza, Mama. Tazama, mama wote wawili wanaanza na yeye. Wengine wote wanahesabiwa kutoka kwake."

Niliangalia ile punje. Nilikuwa nimeichukia sifuri hiyo miezi miwili.

Mwishoni mwa daftari kuna kurasa zingine ambazo Nelvine alizisoma akikuna kichwa. Alisema ulitaka kukuza kikundi kiwe cha watu ishirini na mmoja, watano watano, na kwamba ishirini na mmoja wana njia mbili za kuungana. Moja ni kama ile ya sinia. Nyingine ni ya ajabu, ambayo kufanya hili kisha lile si sawa na kufanya lile kisha hili.

"Kama kuvaa soksi na gambuti," alisema. "Ukianza na gambuti, soksi utaivaa juu."

Hukuimaliza. Mstari wa mwisho unasema: "Hapa mpangilio una nguvu. Chelimo na Yunia ni wa aina hii." Nelvine alisema hiyo siyo hesabu anayoijua.

Jumapili, 12 Mei

Nimefurahi, na bado situlii. Kama yote yalikuwa haya, kwa nini hukuniambia? Nadhani najua. Ungetamka jina lake, ningeondoka chumbani. Niliwahi kufanya hivyo.

Jumatatu, 20 Mei

Chai imepona mawe. Inachipua kwa hasira.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekwenda Chepilat.

Yunia anauza ndizi upande wa juu wa soko. Amenenepa, ana mvi mbele. Aliniona nikija tangu mbali, na hakusimama.

"Bwakire, Mama Cheptoo. Umekuja kutafuta ndizi ama mume?"

Wanawake wa kando wakageuka wote.

"Mama Nyamwange..."

"Mimi nasikia nimeolewa na Mwalimu. Habari imevuka mto kabla yako. Nikawaambia hawa, ngojeni, mahari inakuja. Iko wapi? Hata kuku hujaleta?"

Wakacheka. Mimi nilisimama kama mtoto aliyesahau shairi. Akasukuma gunia ili nikae.

"Pole kwa Mwalimu," alisema kwa sauti nyingine. "Nilitaka kuja kumzika. Nilifika darajani."

"Hata mimi hufika darajani," nikasema.

Mteja alikuja akabonyeza ndizi, akaenda.

"Alikuja kila Jumamosi," Yunia alisema. "Kila Jumamosi nikamwambia hapana. Wale wengine watano walikubali mapema, walikuwa wanachoka kuchuma peke yao. Walikuwa wakiningoja mimi. Nilimwambia, 'Nitakuja siku mke wako ataniita kwa mdomo wake.' Akasema, 'Hatakuita, ana aibu, lakini hesabu itawaita.' Nikamwambia hesabu haina mdomo."

"Akasema nini?"

"Akanunua ndizi." Akacheka, akafuta jicho kwa pembe ya leso. "Siku ya mwisho aliniambia kuna hesabu ambazo ukigeuza mpangilio, jibu linageuka. Akasema: 'Chelimo anataka usahau kwanza, ndipo arudishe kikapu. Wewe unataka kikapu kwanza, ndipo usahau. Mnasema maneno mawili yale yale.'"

Mwalimu, ulijua kila kitu, na ulikula ugali pamoja nami jioni ile.

Nilikuwa nimejitayarisha kueleza: majirani, barabara, woga. Nilianza, "Siku ile binti yako alipokuja..."

"Hapana," alisema. "Usianze huko. Binti yangu ameolewa, ana mtoto. Anza na kikapu."

"Kiko kwangu. Hakijaoza. Njoo uchume kwangu, Mama Nyamwange. Nakuita kwa mdomo wangu."

Alipanga ndizi zake upya, ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Siku gani?"

"Jumatatu baada ya maombi."

"Nitakuja kwenye maombi pia," alisema. "Ili shemeji yako aone mke mwenza alivyo mzuri."

Nilirudi na ndizi zimefungwa kwa gazeti.

Jumanne, 4 Juni

Mmoja wa kumi na watatu, yule namba tisa, alihamia Nakuru. Nelvine anasema kumi na wawili wataivunja familia. Kisha akasema atachukua tisa mwenyewe wakati wa likizo, na sisi tumchumie siku za shule. Hajawahi kushika jani la chai maishani.

Jumamosi, 15 Juni

Maombi yalikwenda vizuri. Simiti imewekwa. Cheptoo alipewa ruhusa shuleni, akaandika jina lako kwa msumari kabla haijakauka, na herufi ya K imepinda kidogo. Tumeiacha hivyo.

Yunia alikuja na wenzake watano, na mkungu mzima wa ndizi kichwani. Kiptum alisimama kuwapokea. Aliniangalia, akamwangalia.

"Huyu ndiye?" aliniuliza.

Nikasema mbele ya watu wote: "Shemeji, huyu ni moja. Mimi ni sifuri. Ndugu yako hakuwa na familia nyingine."

Hakuelewa, lakini aliona nimesema bila kutetemeka. Alivua kofia yako ya sufu, akanirudishia.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza. Ukungu mpaka saa mbili, kisha jua jembamba.

Asubuhi ilikuwa sifuri, moja na nne: mimi, Yunia, Sellah. Kikapu nilikuwa nimekiosha, nikakianika, nikakishona kamba mpya. Nilimpa bila neno. Alikigeuza, akatafuta uzi mwekundu kwa kidole, akaupata. Akakivaa mgongoni.

Tulichuma mstari wa kwanza kimya, na mikono yake bado inatangulia yangu. Sellah ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Nyinyi watu wa ng'ambo, mnasema chai ya 'reo' ama ya leo?"

"Ya reo," Yunia alijibu. "Na nyinyi mtaipeleka kituoni kwa gari ama kwa 'kari'?"

"Kari yenyewe imekwama matopeni."

Katikati ya mstari wa pili, nikiwa nimeinama na yeye hanioni uso, nilisema: "Nilimwambia mtoto hakuna kitu chenu. Kilikuwepo. Nisamehe."

Mikono yake haikusimama. "Sasa ndiyo umevaa vizuri," alisema. "Soksi, kisha gambuti."

Kumbe ulimweleza hata hiyo.

Mchana walikuja mbili na saba. Jioni tulibeba mzigo kituoni, na karani wa mizani akaniuliza kama nimeajiri watu. Nikamwambia ni hesabu.

Kesho ni kwa Yunia. Nitavuka daraja na kikapu changu. Nitapita kaburini kwanza nikusalimu.

Mwalimu, ukihesabu watu wako huko uliko, anza na mimi. Unikumbuke.

Chelimo